Gari Limekwanguliwa: Mwongozo Kamili wa Kumpata Fundi Rangi Asiyekurudisha Gereji Mara Mbili

Picha ninazotumiwa zinafanana. Mlango wa IST ya fedha una rangi yake, fenda ina yake. Bampa la Noah linabanduka kama ganda la kitunguu. Chini ya mlango wa nyuma pametoka malengelenge, na mwenye gari anaapa kwamba hata miezi minne haijapita tangu lipigwe rangi. Swali nalo ni lile lile: "Fundi alinitilia rangi feki?"

Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa liko chini yake, kwenye kazi iliyofanyika kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Mteja haioni kazi hiyo kwa sababu hufika gereji siku mbili tu: ya kupeleka gari na ya kulichukua. Mwongozo huu ni wa siku zile za katikati. Nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, ila aliyeko Mombasa au Mwanza atabadilisha majina ya mitaa tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Namba ya rangi ya gari lako, iliyopigwa picha.
- Sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, iliyofungwa kitambaa laini isikwaruze.
- Tochi ya simu na kitambaa cheupe cha pamba.
- Tina (kiyeyusha rangi) kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri.
- Daftari au karatasi mbili za makubaliano, na kalamu.
- Asubuhi mbili za siku za kazi. Hili ndilo watu wanalolikwepa, na ndilo linalowagharimu.

Kuhusu namba ya rangi: kwa Toyota nyingi za kutoka Japani iko kwenye kibati au kibandiko, ama ndani ya boneti kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, ama kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa COLOR au C/TR. Alama tatu za mwanzo ndizo rangi. Zinazofuata ni za mapambo ya ndani. Ukiona 040, gari lako ni jeupe la kawaida. 070 ni jeupe la lulu, 1F7 ni fedha, 202 ni jeusi.

Tofauti ya 040 na 070 si ndogo. Nyeupe ya lulu hupigwa kwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu ya kati, kisha klia, tabaka angavu ya juu. Fundi anayekuambia "nyeupe ni nyeupe tu, bosi" atakuachia mlango mmoja mweupe kama chaki kwenye gari lenye weupe wa maziwa.

Tahadhari: kama gari liliwahi kupigwa rangi upya, kibati kinaweza kukudanganya. Linganisha bodi ya nje na chuma kilicho chini ya zulia la buti. Zikitofautiana, mwambie fundi mapema.

## Hatua ya 1: Lijue jeraha lenyewe

Osha sehemu iliyokwanguliwa, ikauke, kisha pitisha ukucha kuukata mkwaruzo. Ukucha usiponasa, na ukimwagia maji mkwaruzo ukapotea kwa muda, umeishia kwenye klia, ile tabaka angavu ya juu. Hapo unahitaji polishi tu. Ukucha ukinasa na ndani ukaona kijivu au weupe usio wa gari, umefika kwenye praima, rangi ya chini inayoshikilia ile ya juu. Ukiona chuma kinang'aa, usikae nacho hadi mwisho wa mwezi. Kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni au Mbezi Beach, kutu haingoji mshahara.

Kama pamebonyea lakini rangi haijapasuka, uliza kwanza kama patanyooka kwa kusukumwa kutoka ndani. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa haipatikani tena. Kule bodi tupu huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Gereji yenye oveni huishia karibu nyuzi 60 kwa nusu saa, kwa sababu gari lako tayari lina nyaya, mipira na plastiki zitakazoyeyuka.

Una bima kubwa? Wapigie kabla fundi hajagusa kitu, maana wanataka kuona uharibifu ukiwa vile vile. Na kama unafikiria kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili, hivyo utapaswa kuirekebisha TRA.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuieleza kazi yako kwa sentensi moja: "Mlango wa nyuma kushoto, kibonye cha upana wa kiganja, rangi imefika chuma."

## Hatua ya 2: Tafuta magari, gereji itafuata

Usianze na mabango. Anza na jirani, mfanyakazi mwenzako au dereva wa teksi ambaye gari lake lilipigwa rangi mwaka mmoja uliopita au zaidi. Rangi yoyote inang'aa wiki ya kwanza. Jua la Dar likiipitia kiangazi kimoja na masika moja, ndipo ukweli unajitokeza.

Mwombe akuonyeshe kipande kilichopigwa, na usimame pembeni kwa chini uangalie nguzo ya umeme au waya unavyojionyesha kwenye bodi. Mstari ukipita umenyooka, puti (ile ya kujazia palipobonyea) ilisuguliwa vizuri. Ukipinda kama nyoka, fundi alikuwa na haraka.

Kisha weka sumaku kwenye kipande kizima, halafu kwenye kilichotengenezwa. Inaposhika kwa nguvu, puti ni nyembamba. Ikidondoka kabisa, chini kuna puti nene, na puti nene hupasuka. Usiijaribu kwenye bampa la plastiki wala boneti ya alumini, utamlaumu fundi wa watu bure.

Neno moja kuhusu mafundi wa yadi za magari. Wapo wazuri sana, lakini wengi wamezoea kupiga gari ling'ae hadi liuzwe. Wewe unataka ling'ae baada ya hapo.

Toka na majina matatu. Mawili ni machache, matano utachoka kuyafikia.

## Hatua ya 3: Itembelee gereji Jumanne, saa nne asubuhi

Jumamosi jioni gereji zote zinapendeza: magari yameoshwa, mafundi wamenawa. Katikati ya wiki, asubuhi, unakuta magari yaliyofunguliwa, na hayo ndiyo uliyofuata. Usiulize bei kwanza. Salimia, sema unatafuta pa kuleta gari, omba kuangalia. Fundi anayejiamini atakutembeza mwenyewe. Anayekusimamisha getini amekupunguzia kazi.

Anza na magari ambayo hayajaisha. Je, taa, vitasa na mipira ya vioo vimefunguliwa, au vimezungushiwa gazeti na gundi ya karatasi? Rangi ikiishia kwenye ukingo wa gundi, hubaki mstari mwembamba unaonasa ukucha, na hapo ndipo kubanduka kunapoanzia. Kufungua kitasa ni dakika chache. Asiyevifungua anaokoa dakika zake kwa miaka yako.

Kisha pale panapopigiwa rangi. Si lazima iwe oveni ya kisasa. Nimeona kazi safi ikitoka kwenye banda la mabati lililozibwa kwa nailoni, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisiruke, na mtu wa kusaga chuma amewekwa mbali. Nimeona pia oveni ya gharama iliyogeuzwa stoo ya matairi. Kinachokatazwa ni kupiga rangi nje chini ya mwembe, penye upepo, kunguru na daladala zinazotimua vumbi.

Sasa omba jambo ambalo wateja hawaombi: wafungue koki ya chini ya kompresa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kompresa ikiibana, maji hujikusanya tumboni mwake. Niliwahi kuona koki ikifunguliwa, yakatoka maji ya rangi ya chai kujaza kikombe. Kama hayamwagwi kila asubuhi na hakuna kichujio kabla ya bunduki ya rangi, maji hayo yataishia kwenye mlango wako. Mafuta ya kompresa yakiyafuata, rangi hujitenga kuwa vijiduara, kama mafuta juu ya mchuzi.

Tazama na mezani. Misasa iwe ya namba tofauti: 80 ya kutengeneza umbo la puti, 180 na 320 za kulainisha, 600 au zaidi kabla ya rangi, 1500 na 2000 za kumalizia klia. Gereji yenye 80 na 180 pekee itakuachia mikwaruzo inayojitokeza chini ya rangi baada ya wiki kadhaa. Tazama pia hadina, dawa ya kugandisha rangi, inapimwaje. Kikombe chenye mistari ya vipimo ni dalili njema, kifuniko cha soda si kipimo.

Mwisho, barakoa. Rangi na klia zenye hadina hutoa mvuke unaoharibu mapafu na kuamsha pumu. Fundi aliyevaa barakoa ya vichujio anaijua dawa anayoishika. Aliyejifunga fulana puani namhurumia, lakini namtilia shaka pia: kama hajasoma kopo kwa ajili ya afya yake, hajalisoma kwa ajili ya vipimo. Mtoto usimpeleke huko.

Tahadhari: ile tina uliyobeba, omba ijaribiwe kwenye kipande chao cha zamani kilichokauka, mahali pasipoonekana. Lowanisha kitambaa cheupe, futa mara mbili tatu. Rangi ikija kwenye kitambaa, juu hapana tabaka yenye hadina. Kamwe usijaribu kwenye gari la mteja mwingine wala kwenye rangi mbichi.

## Hatua ya 4: Maswali matano na majibu ya kuyasikiliza

"Unatumia NC au 2K?" NC, rangi ya nitroselulosi, hukauka kwa tina kuruka tu, kwa hiyo tina ikimwagika huiyeyusha tena, na petroli huweza kuiharibu, ndiyo maana kuna magari yenye baka chini ya kifuniko cha mafuta. Pia ikipigwa siku ya mvua hupata ukungu mweupe. 2K, yaani rangi ya sehemu mbili, hugandishwa na hadina. Kwa rangi za fedha na zenye chembechembe, rangi yenyewe huwa haina hadina, ila klia ya juu yake lazima iwe 2K. Akikueleza hivyo bila kuulizwa, kaa uongee naye.

"Utapiga mlango peke yake?" Kwa nyeupe ya kawaida au nyeusi, huenda inatosha. Kwa fedha na lulu, jibu zuri ni kwamba ataififisha rangi kidogo kuingia kipande jirani, kisha apige klia vipande vizima. Macho hayaoni tofauti inayobadilika polepole, huiona inayokatika kwenye ukingo wa mlango. Itakugharimu zaidi. Lipa.

"Bampa unaanza na nini?" Plastiki tupu inataka kuoshwa mafuta, kusuguliwa, na praima yake ya plastiki. Bampa jipya la kununua Gerezani likipigwa rangi moja kwa moja, ndilo lile la ganda la kitunguu.

"Kutu utaifanyaje?" Iliyotoboa chuma hukatwa, kikachomelewa kipande kipya. Anayesema ataijaza puti anakupa malengelenge ya baadaye.

"Siku ngapi?" Mlango mmoja wenye kibonye, kwa utaratibu, ni siku mbili hadi nne kutegemea vifaa na hali ya hewa. Nikisikia "lete asubuhi, jioni unaondoka nalo, bosi," naaga kwa heshima.

## Hatua ya 5: Andikianeni, kisha lipa kwa mafungu

Hapa hakuna maneno mengi. Karatasi iwe na vipande vitakavyopigwa, namba ya rangi, aina ya rangi na klia, nini kitafunguliwa, tarehe, bei, na muda ambao fundi atarudia kazi bila malipo ikibanduka au kututumka. Miezi sita ni haki kuiomba, mwaka ni vizuri zaidi. Gereji iliyosajiliwa ikupe risiti ya EFD.

Bei ukiilinganisha, linganisha kazi ile ile. Mmoja amehesabu mlango tu kwa NC, mwingine mlango na fenda kwa 2K pamoja na kufungua vitasa. Hizo si bei mbili za kitu kimoja.

Malipo yagawe mara tatu: la vifaa mwanzoni, la pili praima ikishakaguliwa, la mwisho siku ya kuchukua gari. Ukiweza, nenda na fundi duka la kuchanganyia rangi kwa mizani na kompyuta, wachanganye kwa namba yako, na wakupulizie kwenye kipande cha majaribio. Kipande hicho kiweke juu ya gari juani, kisha kivulini. Taa ya dukani huficha mengi.

Kabla hujaacha ufunguo, piga picha za pande zote nne, kilomita, geji ya mafuta, redio, tairi la akiba na jeki. Toa vya thamani. Fundi mwema hatachukia.

## Hatua ya 6: Ziara mbili za katikati

Hapa ndipo nilipoumia. Niliipeleka Raum yangu gereji moja wiki ya kuelekea Idi, masika imekolea, kila mtu anataka gari lake kabla ya sikukuu. Nililipa zote mwanzoni. Sikwenda tena mpaka nilipopigiwa simu. Mlango uling'aa, nikatoa hadi hela ya soda. Mwezi wa tatu tangu hapo vikatoka vipele kama vya joto, na ukikiminya kimoja kwa kucha, kinatoa tone la maji.

Fundi wa pili alipokwangua alinionyesha sababu: puti ilikuwa ya rangi mbili, kavu juu na nyeusi ya unyevu chini. Ilisuguliwa kwa maji, ikafunikwa siku hiyo hiyo. Puti hunywa maji kama mkate. Jua lilipoupasha mlango joto, maji yakatafuta njia ya kutoka.

Ziara ya kwanza: puti ikishasuguliwa, kabla ya praima. Funga macho, pitisha kiganja chote, si ncha za vidole, kutoka chuma kizima hadi penye puti na kurudi. Kiganja kisitambue mpaka. Weka sumaku. Uliza ilisuguliwa kwa maji au kavu. Puti husuguliwa kavu. Tazama kama kuna vitundu vya hewa. Kitundu kidogo sasa hivi kinazibwa kwa dakika tano. Baada ya klia ni kuanza upya.

Ziara ya pili: praima imesuguliwa, rangi haijapigwa. Bodi iwe na rangi moja ya kijivu iliyofifia, bila mng'ao popote. Penye mng'ao hapajasuguliwa, na rangi haitashika hapo. Chunguza kingo za mlango na maungio, ndiko wanakoruka. Futa kwa kitambaa cheupe: kisirudi na vumbi wala mafuta. Kama mvua inanyesha na hawana oveni, waambie wasubiri. Afadhali daladala siku mbili.

Usikae kusimamia kila mpulizo, ni kero na ni hatari kwa kifua chako. Ziara mbili zinatosha, na fundi akijua utakuja, hufanya kazi kama mtu anayetarajia mgeni.

## Hatua ya 7: Siku ya kulichukua

Nenda asubuhi, gari likiwa limeoshwa na limekauka. Usikubali kukabidhiwa magharibi.

Simama hatua tano, jua likiwa mgongoni, kisha zunguka upande wa pili. Rangi ya fedha inaweza kulingana ukiitazama mbele na kuachana ukiitazama pembeni, kwa hiyo itazame kote. Kisha sogea karibu na tochi. Unatafuta machozi ya klia iliyochuruzika, vumbi lililonaswa, uso wenye vinyweleo vya ganda la chungwa kuliko kipande jirani, na mabaki ya rangi kwenye vioo, mipira na matairi. Vumbi dogo na ganda la chungwa husuguliwa na kupigwa polishi, lakini klia ikishaganda kabisa, si siku hiyo hiyo.

Fungua na ufunge milango yote, shusha vioo, washa taa zote. Vilivyofunguliwa huwa vinasahauliwa kuunganishwa.

Umefaulu kama mtu asiyejua habari ataulizwa ni kipande kipi kilichotengenezwa, azunguke mara mbili, akisie, akosee.

## Mwezi wa kwanza

Rangi iliyokauka kwa kushika bado inapumua ndani. Siku 30 za mwanzo usiipake nta, usipitishe mashine ya polishi, usielekeze maji ya presha kwenye kingo. Osha kwa mkono, maji mengi, sabuni ya gari; ya unga ya kufulia iache bafuni. Mavi ya kunguru yatoe siku hiyo hiyo kwa maji, bila kukwangua, kwani juani yanachimba klia. Kama kwako kuna mwembe, hamisha gari.

Kabla hujaondoka gereji, omba rangi iliyobaki, ile ambayo haijatiwa hadina, iwekwe kwenye chupa ndogo ya kioo, uandike namba na tarehe. Ya Raum yangu ninayo bado, iko kabatini karibu na spana, na imeshaziba vijikwaruzo viwili vya pikipiki za Mwenge.